Shibiri Moja ya Kanda

Jumapili jioni kijana wangu, yule wa pili, alikuwa anaosha gari la watu huku simu inaimba juu ya boneti. Hotel California, ule wimbo wa Eagles, bendi ya roki ya Marekani. Mimi nimejikalia barazani na kahawa yangu, wala sina habari. Mwimbaji alipomaliza maneno ya mwisho nikashtukia nimeshasimama, mkono umenyooka, naenda kugeuza kanda.

"Baba, unatafuta nini?"

"Viatu."

Vilikuwa miguuni.

Wa kijiweni kwetu Mwanga, Kigoma, wataelewa. Kanda yetu ilikuwa ya dakika 60, yaani 30 kila upande, na aliyeirekodi (hatukumjua, ilishapita mikono mingi kabla ya kutufikia) alipiga hesabu vibaya. Maneno yakiisha tu, tak! Kitufe kinaruka. Miaka miwili tuliusikiliza hivyo, tukaamini Waeagles waliutunga hivyo.

Na Kigoma ya wakati ule ukipenda roki ulikuwa na wenzako wawili, basi. Redio za Bujumbura na Zaire zilikuwa zinaingia mpaka jikoni, mtaa mzima ni Franco na Zaïko Langa Langa. Hao wa Zaïko walikuwa na neno moja la kutumaliza: "Muziki wenu hauna sebene." Utajibu nini? Kwao mwimbaji akinyamaza ndipo wimbo unaanza, magitaa yanashikana na wazee wanaacha viti. Kwetu mwimbaji akinyamaza, tak.

Mwaka 1988, niko kidato cha pili, Fundi akarudi kutoka Bujumbura. Fundi redio, wa lile banda la mabati njia ya kushukia stesheni. Alirudi na kanda ya dakika 90, kaifunga kwenye mfuko wa sukari kama dawa. Tukamwendea watatu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mmekuja na mawe?"

Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida, na redio yake ilikula mawe sita, yaani betri. Tulikuja nayo manane, tumeyaanika juani tangu asubuhi juu ya paa la choo. Akayaonja kwa ulimi moja moja, akachagua sita, mawili akaturudishia kwa dharau.

Alianza na Apache ya The Shadows, ya mwaka 1960, gitaa la Hank Marvin linalotembea kama mtu aliyevaa buti mpya. Hakuna anayeimba. Akafuatisha Albatross ya Fleetwood Mac, ya 1968, nayo haina neno hata moja. Jua lilishazama. Kule chini ziwani wavuvi wa dagaa walikuwa wanawasha karabai, moja hapa, nyingine kule, na lile gitaa la Peter Green lilikuwa halina haraka yoyote, kama linazisubiri. Mwenzangu alikuwa ameshika muhindi wa kuchoma. Ulipoa mkononi.

Halafu ukaja wimbo wetu. Tuliuimba wote watatu, Kiingereza chetu cha kubahatisha, Fundi akitabasamu huku anafungua redio ya mtu. Maneno yakaisha. Bila kuambiana tukageuka wote kukitazama kile kitufe.

Hakikuruka.

Gitaa moja likaingia. La pili likalijibu, la kwanza likapandisha, la pili likapandisha zaidi, wanapokezana kama watu wawili wanaobishana bila kugombana. Mwisho wakaacha ubishi, wakashikana, wakaanza kushuka pamoja ngazi kwa ngazi. Dakika mbili nzima. Majina yao, Don Felder na Joe Walsh, niliyajua baadaye sana. Siku ile walikuwa "huyu" na "yule". Nilisikia masikio yanapata moto. Fundi akaweka bisibisi chini.

"Hiyo ndiyo sebene yao."

Nilitaka nikimbie saa ileile kijiweni nikawaite wale wa Zaïko mmoja mmoja.

Badala yake niliazima kanda. Hapo ndipo nilipokosea. Alikataa, nikambembeleza siku nne, akakubali kwa usiku mmoja tu. Redio kaseti ya mjomba ikaitafuna, na mahali pote pa kutafuna ikachagua palepale magitaa yanapoanza kujibizana. Nikaitoa kwa kalamu, nikakata kwa wembe kipande kilichokunjamana, nikaunga kwa selotepu. Nilipima: shibiri moja. Kanda ya kaseti hukimbia karibu sentimita 5 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama sekunde nne au tano, ila hesabu hiyo nimeipiga ukubwani.

Asubuhi nikamrudishia. Akaitia redioni mbele yangu, akaisogeza mpaka palepale. Gitaa la kwanza likaingia, likauliza, na kabla halijajibiwa tukajikuta tuko mbali.

Fundi akainamia kazi yake.

"Wazungu leo wana haraka," akasema.

Sikukiri. Hakuniazima tena, wala hakuwahi kuninyima, nikimwomba alikuwa anasogeza debe kwa mguu: "Kaa usikilizie hapahapa, bwana mdogo." Nikakaa pale karibu kila jioni mpaka anahama. Wimbo ulipokuwa unafika kwenye kiungo changu, yeye huwa anakohoa. Kila mara. Kwa muda mrefu nilidhani ni kifua.

Kijana aliurudisha wimbo mwanzo, nadhani kwa kunionea huruma. Safari hii niliketi, nikangoja. Pale penye shibiri yangu pana mengi kuliko nilivyokuwa nakumbuka. Gitaa la pili linasema jambo ambalo nina hakika sikuwahi kulipa nafasi.

"Umeviona viatu?" kijana akauliza.

Nikamwambia bado.