Nilivyojifunza kuusoma mpira wa katikati katika futiboli ya Australia

Kocha wa timu yetu ya mtaani, huku magharibi mwa Melbourne, alinikabidhi kazi ya takwimu akiwa na swali moja tu: mbona mrukaji wetu, yule anayeruka kuugombea mpira mwamuzi anapourusha, anaugusa kwanza karibu kila unaporushwa, na bado wapinzani ndio wanaoondoka nao?

Kwa asiyeujua mchezo huu: uwanja una umbo la yai, kila timu ina wachezaji 18, goli ni pointi 6, na mpira ukipita kati ya nguzo kubwa na nguzo ndogo ya pembeni ni pointi 1. Hakuna kuotea. Watu wakiulalia mpira ukakwama, mwamuzi huurusha juu. Ukivuka mstari wa pembeni, mara nyingi mwamuzi wa pembeni huuinua na kuurusha kinyumenyume kurudi uwanjani. Na baada ya kila goli mpira hurudi katikati, kwenye mraba wa mita 50 kwa 50, ambamo kila timu huingiza watu 4 tu: mrukaji na viungo 3. Mipira hii ya kurushwa ndiyo shamba la kiungo. Anayevuna hapo ndiye anayeamua mchezo uchezwe upande gani.

Takwimu zilizozoeleka huhesabu mambo mawili: mapigo ya mrukaji, na klirensi, yaani mara ngapi mchezaji ameutoa mpira kwenye msongamano kwa teke au kwa pasi ya ngumi. Mapigo ya mrukaji peke yake hayana thamani kubwa. Mpira aliougusa ukimwangukia mpinzani, amemfanyia kazi mpinzani. Klirensi nayo ina tatizo lake, maana teke la kubahatisha linalodakwa na beki wa upande wa pili linaandikwa sawasawa na pasi safi iliyomkuta mshambuliaji kifuani.

Kwa hiyo nilichora karatasi yangu. Kwa kila mpira wa kurushwa niliandika mahali ulipotokea, nani aligusa kwanza, aliupeleka upande gani, mkono wa nani uliudaka kwanza, nani aliutoa, na mwisho wake ulikuwa nini: goli, kuingia ndani ya mstari wa mita 50 wa wapinzani (upinde uliochorwa mita 50 kutoka golini kwao), au kunyang'anywa. Mambo sita kwa sekunde chache ni mengi kwa mtu mmoja. Kijana mmoja wa Kirundi aliyekuwa anauguza goti alikaa nami akawa ananitajia namba za jezi. "Anko, andika mkono wa kwanza, mengine tutayakumbuka," alikuwa akiniambia, na hakika ndivyo ilivyo. Ukiukosa mkono wa kwanza, mstari mzima umepotea.

Kabla ya kuitumia kwa timu yetu, niliijaribu karatasi kwa marudio ya fainali ya AFL, ligi kuu ya mchezo huu, ya mwaka 2021, Melbourne dhidi ya Western Bulldogs, iliyochezwa Perth. Sijaona mechi inayofundisha zaidi ya ile kuhusu mpira wa katikati. Bulldogs walikuwa mbele kwa pointi 19 katika robo ya tatu. Kuanzia hapo Melbourne walifunga pointi 100 dhidi ya 7, wakamaliza 140 kwa 66 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1964. Christian Petracca, kiungo wa Melbourne, aligusa mpira mara 39, na watu wanamkumbuka yeye, kwa haki. Lakini karatasi ilinionyesha jinsi goli linavyozaa goli: mpira unarudi katikati, Luke Jackson aliyekuwa akipokezana kazi ya mrukaji na Max Gawn anaruka, Petracca au Clayton Oliver anaupata, na mabeki wa Bulldogs hawajapata hata nafasi ya kujipanga.

Kanuni ya tangu 2019 ndiyo inayoufanya mraba ule uwe mkali hivyo. Mpira wa katikati unaporushwa, kila timu lazima iwe na watu 6 mbele, 6 nyuma, na 6 kati. Huwezi kumficha beki wa ziada nyuma. Ndiyo maana namheshimu sana Aliir Aliir, beki aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, ambaye vijana wetu wanamfuatilia mno: anasoma teke linalotoka katikati mapema na kulikatiza akiwa angani.

Nikarudi kwa timu yetu. Baada ya mechi kadhaa jibu la kocha lilionekana kwenye safu ya upande. Mrukaji wetu alikuwa akiupeleka mpira mbele kushoto karibu kila mara, na wapinzani walikuwa wameshajua. Kiungo wao mmoja alisimama palepale akisubiri. Tena viungo wetu wote watatu walikuwa wakikimbilia mpira, hakuna aliyebaki nyuma upande wa goli letu, kwa hiyo tukikosa tunaachwa wazi.

Tulibadilisha mambo mawili mazoezini. Mrukaji akapewa pande tatu, na kiungo mkongwe huonyesha ishara ya mkono kabla mpira haujarushwa. Kiungo mmoja akapewa kazi ya kubaki nyuma na kumkaba anayetoka. Mapigo ya mrukaji wetu yakapungua kidogo, na wazazi pembeni walilalamika. Mimi nilifurahi, kwa sababu mkono wa kwanza ulianza kuwa wetu, na magoli tuliyofungwa moja kwa moja kutoka katikati yalipungua waziwazi.

Mipira ya pembeni bado inatusumbua. Kule hakuna mipaka ya watu, wanajaa hata kumi na tano, na macho yangu mawili hayatoshi. Kwa hiyo sasa naandika jambo moja tu: kama kuna mtu wetu aliyesimama nje ya msongamano, upande wa ndani wa uwanja, pale mpira unaporushwa. Kocha ameomba karatasi hiyo ya peke yake kila Jumatatu jioni.