Kituo cha kumi

Ijumaa Kuu ya mwaka jana, kwenye Njia ya Msalaba, zamu ya kusoma kituo cha kumi iliniangukia mimi. Yesu anavuliwa nguo. Watu walikuwa wamepiga magoti vumbini kando ya barabara, na mimi nikakwama.

Aliyenijia akilini ni kijana wa kwaya yetu, mwimbaji wa sauti ya tatu. Januari majirani walimvua shati na suruali langoni kwa ploti yao, eti waone kama ni mwanamume kweli. Hakurusha hata jiwe. Alijikunja akaniomba leso yangu, nikampa. Jumapili hiyo mahubiri yalikuwa juu ya maadili ya vijana. Hajakanyaga kanisani tangu hapo.

Kuna waliomwambia avumilie, kwani hata Yesu alinyamaza. Maneno hayo wanawake tumeambiwa miaka na mikaka, tukipigwa nyumbani tuubebe msalaba wetu. Siyakubali. Mamangu alinisimulia habari za Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipokuwa Uhuru Park, Nairobi, pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai, wamegoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Polisi waliwavamia kwa rungu na vitoa machozi, Maathai akapigwa hadi akazirai. Hapo baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele ya askari. Kumwona uchi mwanamke wa umri wa mamako ni laana, na kila askari pale alilijua hilo. Mama hao hawakumgusa mtu, lakini hawakunyamaza pia: aibu iliyokusudiwa wao ikamrudia mwenye rungu. Kisha Kanisa Kuu la All Saints likawafungulia mlango, wakakaa humo karibu mwaka mzima.

Mlango kama huo ndio ninaoutaka kwa yule kijana. Yeye hakuvua, alivuliwa, kama Yesu. Aibu ile si yake, na kanisa ndilo lilipaswa kusema hivyo kwanza.

Sala ya kitabuni kwenye kituo hicho inatutaka tutubu mavazi yasiyo na heshima. Niliiruka. Niliwaombea waliovuliwa, halafu nikatuombea sisi tuliokuwa langoni siku ile tukitazama. Watu wachache waliitikia, "Utuhurumie."

Mwaka huu katekista hakuniweka kwenye zamu. Leso bado iko kwa yule kijana.