Mapinduzi ya Oktoba yalitokea Novemba

Nikiwa kidato cha tano, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), mwalimu wetu wa Historia alinikata alama mbili kwa kuandika kwamba Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yalifanyika tarehe 7 Novemba 1917. Ile Novemba akaizungushia wino mwekundu mara mbili, pembeni akaandika: "Soma swali!" Tarehe nilikuwa nimeitoa kwenye kitabu cha maktaba kisichokuwa hata na jalada, kwa hiyo sikuwa na ubavu wa kubishana. Nimekuja kuelewa nikiwa chuo, hapa Dodoma. Urusi ya wakati ule ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani, ya tangu enzi za Julius Caesar, iliyokuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 13. Kwao siku ile ilikuwa 25 Oktoba. Mimi na mwalimu wote tulikuwa sahihi, ila alama zangu hazikurudi.

Miaka ile miwili Ulaya kwangu ilikuwa jedwali. Ubepari, ukomunisti, ufashisti, kila mmoja na safu yake, sifa tano tano, unazimwaga kwenye karatasi na kuzisahau jioni ileile. Kwamba watu walihama safu, hilo halikuwemo. Mussolini alikuwa mhariri wa Avanti!, gazeti la chama cha kisoshalisti cha Italia, mpaka 1914. Chama kikamfukuza kwa kushabikia vita, na 1919 akaanzisha kundi lake la kifashisti mjini Milan. Sasa huyo unamchora wapi? Na hilo neno "bepari", tulilokuwa tukilitumia kama tusi, limetoka India na kwao ni mfanyabiashara tu. (Mangi wa duka la karibu na geto langu asisome hapa, ananikopesha sukari.)

Mwaka jana mwezi wa kumi maji yalikatika Ng'hong'hona, mtaa ninaokaa, siku nne mfululizo. Wanaopanga huku wanaijua hali: jua, vumbi, na bomba moja la jirani ambalo halijawahi kukauka. Foleni inaanza saa kumi alfajiri, lakini wanaopanga foleni ni madumu, si watu. Langu nilikuwa nimelifunga kitambaa cha bluu kwenye mshikio. Akina mama wamekaa kwenye matofali pembeni, wengine na watoto mgongoni, na kila mmoja anajua dumu lipi liko nyuma ya lipi kuliko karani yeyote. Mimi nilikuwa na kitini changu cha Urusi, nasoma kwa tochi ya simu.

Kwenye saa moja hivi kijana mmoja akaja na toroli yenye madumu kumi na mawili, akalisukuma hadi bombani. Hakuna aliyepanga kitu. Mama mmoja aliinuka, akalivuta toroli nyuma bila kusema neno. Mwingine akainuka. Kufumba na kufumbua wako kama ishirini, na hawazungumzii tena toroli: wanazungumzia bei ya dumu iliyopanda juzi, ada, waume waliokwenda vibaruani wiki ya tatu hawajatuma hela. Mwenye bomba akafunga kufuli, akaingia ndani. Ndipo kelele zilipoanza hasa.

Nilikuwa kwenye ukurasa wa Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati ule. Tarehe 8 Machi 1917, Siku ya Wanawake, wafanyakazi wanawake wa viwanda vya nguo waliacha mashine wakaingia barabarani kudai mkate, baada ya majira mazima ya baridi ya kupanga foleni usiku kwenye theluji. Siku moja kabla, kiwanda cha Putilov kilikuwa kimewafungia milango wafanyakazi wake. Siku ya tano wanajeshi wakaasi na kujiunga na umati. Tarehe 15 mfalme Nicholas wa Pili akajiuzulu. Wiki moja! Lenin mwenyewe, aliyekuja kuongoza yale Mapinduzi ya Oktoba, alikuwa Zürich, Uswisi, na Januari ya mwaka huohuo alikuwa amewaambia vijana kwamba wazee kama yeye huenda wasiishi kuyaona mapambano ya mwisho. Mwezi wa nne Wajerumani wakampitisha kwao kwa treni ili akaitoe Urusi vitani. Akafika na hoja za amani na ardhi kwa watu waliokwisha kuanza bila yeye.

Serikali hiyohiyo ya Kijerumani iliyompa Lenin treni ndiyo iliyotandika reli inayopita Kigwe, kwa bibi yangu. Krismasi nilikwenda huko, nikamsimulia habari za wanawake wa Petrograd, kwa kiburi kidogo cha msomi. Akanikatisha.

"Mwaka gani huo?"

"1917, bibi."

"Mtunya," akasema.

Kitini hakikuwa na neno hilo. Waingereza waliiteka Dodoma Julai 1916. Majeshi ya pande zote mbili yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe na nafaka, na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo. Mvua nazo zikagoma. Njaa iliyofuata, mpaka 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Mama yake bibi alikuwa mtoto wa miaka kama sita. Wazazi wake walimpeleka Mpwapwa kwa watu wenye chakula, wakarudi na debe moja la mtama. Alikuja kurudishwa akiwa msichana mkubwa, na bibi anasema mpaka anazeeka hakuwahi kuacha punje hata moja kwenye ungo.

Tulikaa kimya kidogo. Kisha akauliza kama hao wanawake wa Urusi walipata huo mkate.

Nikamwambia kwamba vita viliendelea, vya wenyewe kwa wenyewe, na 1921 ikaja njaa iliyoua watu kama milioni tano.

"Ee," akasema, akaendelea kupepeta uwele.