Mpira Uwe Saa Saba

Magongo yalikuja na matatu kutoka Mombasa, kumi na moja kwa hesabu, ndani ya gunia la mkaa lililofungwa kamba ya katani. Kondakta alinitoza nauli ya mtu mzima. Nilipolalamika akaniambia gunia lile limekaa kiti tangu Mombasa mpaka Malindi na halikumpisha hata mama mjamzito. Nikalipa.

Ilikuwa Desemba, kaskazi imeshika, na kosa lote lilikuwa la mdomo wangu. Harusini, pilau ikiwa bado moto, nilijigamba kwamba shuleni nilicheza mpira wa magongo, winga ya kulia, na kwamba nikimpita beki hakuniona tena. Dada mmoja mwenye duka la dawa akanidaka pale pale: "Basi tufundishe." Nilidhani ni maneno ya harusi. Wiki mbili baadaye nina watu tisa na gunia la magongo yaliyochakaa, na wote tisa ni watu wazima ambao hawajawahi kulishika gongo ila la kumfukuzia mbwa.

Walikuwa yeye mwenyewe dada wa duka la dawa, mwalimu mwenzangu, vijana wawili wa bodaboda, fundi mmoja wa mashua, mke na mume ambao siku hiyo walikuwa hawasemezani, hata pasi walipeana kupitia mtu wa tatu, mpwa wao, na mama wa mahamri wa mtaani kwetu, mwenye miaka 52, ambaye daktari alimwambia atembee kila siku kwa ajili ya sukari. Kutembea bila pa kwenda alikuwa anaona haya. Hoki angalau ina sababu.

Uwanja wetu ulikuwa ufuo, upande wa kaskazini wa jeti. Asiyeijua Malindi atashangaa, kwa sababu mchanga wa pwani nyingi ukikanyaga unazama mpaka kifundoni. Wetu si hivyo. Mto Sabaki unamwaga baharini udongo wa kutoka bara, na ikivuma kaskazi udongo ule unasukumwa kuja upande wa mji, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Watalii hawaipendi rangi hiyo. Lakini maji yakitoka yanaacha sakafu ya kahawia, ngumu, yenye chembe zinazometameta, ambayo mpira unateleza juu yake vizuri kuliko uwanja wowote wa nyasi niliochezea mimi. Tukakubaliana Jumamosi, saa kumi jioni. Nilipita kuangalia: maji yametoka, sakafu imelala. Sikuuliza zaidi, na hilo nitalirudia.

Mimi nilifundishwa hoki na mwalimu mmoja wa shule ya bweni huko bara, simtaji wala shule siitaji. Somo lake la kwanza lilikuwa kuzunguka uwanja mara kumi, la pili kusimama mstarini, la tatu kutukanwa. Na mtu akipewa kazi asiyoijua hufanya kama alivyofanyiwa. Nikawapanga mstari watu wazima wale, nikaanza na hotuba. Niliwaambia kwamba mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la hoki kule Barcelona, Kenya ilikuwa ya nne duniani, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Niliwaambia habari za nahodha Avtar Singh Sohal. Nilikuwa nimejiandaa, nina karatasi.

"Na sasa hivi wa ngapi?" akauliza kijana wa bodaboda.

Nikawaambia wazunguke uwanja.

Mzunguko wa kwanza walikwenda. Wa pili, mama wa mahamri akapiga kona kuelekea kivuli cha mashua iliyovutwa nchi kavu, akakaa, akavua viatu na kuvikung'uta mchanga taratibu kama mtu aliyemaliza shughuli yake ya siku. Mume na mke wakamfuata, kila mmoja upande wake wa mashua. Mwalimu mwenzangu alikimbia kwa adabu tu. Nilipowarudisha mstarini kuwaonyesha namna ya kushika gongo, mmoja mmoja, wengine wanane wakingoja, tayari simu zilikuwa zimetoka mifukoni. Robo saa imepita na hakuna aliyeugusa mpira. Mtoto wa shule atavumilia kwa sababu kengele haijalia. Mtu mzima ana nyumba, na nyumba ina chai.

Nikagawa magongo yote, nikamwaga mipira mchangani. Sikuwa na mpango, niliogopa tu wataondoka.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilianza kwa fujo. Gongo la hoki lina ubapa upande mmoja tu, wa kushoto. Upande wa pili umeviringika kama mgongo, na kuupiga mpira kwa mgongo huo ni kosa. Wao walipiga kwa mgongo, kwa ncha, kwa mpini. Na mguu! Malindi kila mtu amezaliwa na kandanda mguuni. Mpira ukija, gongo linasahaulika na kiatu kinakwenda chenyewe. Katika hoki ni kipa peke yake anayeruhusiwa mguu. Kijana wa bodaboda aliuzuia mpira kwa wayo mara kumi na nne, nilihesabu, na kila nikipaza sauti "mguu!" alikuwa anautazama mguu wake kwa mshangao, kama wa jirani.

Kilichonitia hofu ni migongo yao. Gongo la mtu mzima lina urefu wa inchi 36 na nusu au hapo karibu, kwa hiyo huna budi kushuka chini, na wote walishuka kwa kupinda kiuno, kama mtu anayefagia kwa ufagio wa chelewa. Dakika kumi za hivyo na kesho hawaamki kitandani. Niliwaambia pindeni magoti. Wakapinda magoti na kiuno pia. Niliwaonyesha. Wakaniigiza vibaya zaidi.

Mama wa mahamri alikuwa amesharudi kutoka kivulini, gongo mkononi, leso kaifunga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi. Akanitazama ninavyohangaika, akasema, "Mwanangu, si unataka wakae kama wanakalia mbuzi?"

Akaonyesha. Mgongo wima, magoti yamefunguka, kiuno kimeshuka, macho mbele; mtu aliyebakisha kidogo tu akalie mbuzi akune nazi. Wanawake wote walishuka sawasawa kwa mara moja. Wanaume walichelewa kidogo, na wakachekwa, ila mpwa alijua, akakiri kwamba nyumbani nazi anakuna yeye. Kamusi yangu ya ukocha haikuwa na neno lile. Tangu siku ile sijasema tena "pindeni magoti".

Nikajaribu na mimi kutafuta maneno ya karibu. Katika hoki unapokokota mpira unautanguliza mbele yako, kulia kidogo ya mguu wa kulia, ili gongo liufikie bila kukuchanganya hatua. Makocha hutumia uso wa saa. Nikawaambia, "Wewe ndiye katikati ya saa, mbele yako ni saa sita. Mpira uwe saa saba."

"Saa saba ya mchana au ya usiku?" akauliza yule yule kijana wa bodaboda.

Walicheka mpaka mume akamgusa mke begani kwa bahati mbaya. Lakini wakashika. Jioni nzima mtu akiuacha mpira umkwame miguuni, mwenzake anampigia kelele, "Saa sita hiyo! Sogeza!"

Fundi wa mashua peke yake ndiye ambaye hakuwa amecheza. Alisimama kando akaligeuza gongo mikononi, akalipitisha kidole gumba kwenye kichwa chake kilichopinda, pale rangi ilipobanduka na mti kuonekana. Lilikuwa moja la yale ya zamani, ya mti mtupu. Ya siku hizi mengi ni nyuzi za kioo na kaboni. "Mti gani huu?" Nikamwambia mforosadi. Akakubali kwa kichwa, kama aliyetajiwa ukoo wa mtu. "Umepindwa kwa mvuke," akasema, "haukuchongwa. Tazama nyuzi zake zinavyofuata kona." Kisha akanirudishia. "Mimi shoto, mwalimu. Nipe la kushoto."

Halipo. Ndiyo kanuni ya mchezo huu ambayo watu hawaiamini wakiisikia mara ya kwanza: magongo yote duniani yana ubapa upande wa kushoto, ukiwa shoto au usiwe. Nilijua nikimwambia hivyo kavukavu nimempoteza. Maisha yake yote ameambiwa mkono wake si mahali pake.

Nikamwambia ashike kwanza. Mkono wa kushoto juu kabisa, mwisho wa mpini. Wa kulia chini, katikati ya gongo. Halafu nikamwambia mkono wa kulia aulegeze, uwe bomba tu, gongo lizunguke ndani yake. Anayegeuza ni wa juu. Akajaribu. Ubapa ukaugusa mpira upande huu, kichwa kikageuka ncha chini, kikaugusa upande wa pili, kikarudi. Tok, tok. Alikuwa na viganja vya mtu wa tezo: vidole vinene, kucha moja imekufa, sugu mstari mzima chini ya vidole. Ila kifundo cha mkono kilikuwa chepesi kama cha mpiga chapuo. Tok, tok, tok. Hakuinua macho. Wale wengine, wa mkono wa kulia, walikuwa wanapambana na mkono wa kushoto usiojua kazi, wanaligeuza gongo kwa bega. Yeye mkono wake wa akili ndio uliokuwa juu.

"Kumbe huu ndio nahodha," akasema, anautazama mkono wake wa kushoto.

Nilisema tu "ndiyo". Hapo hapo ukocha ungenishinda kama ningeongeza neno.

Mechi tulicheza saa kumi na moja kasoro. Uwanja kamili wa hoki ni mita 91.4 kwa 55, wachezaji kumi na mmoja kila upande. Sisi nilichora kwa kisigino hatua arobaini kwa ishirini na tano, nikawagawa watano watano nikiwamo mimi, magoli ni makasha ya soda. Ile nusu duara ya mita 14.63 ambayo lazima upigie ndani yake ndipo goli lihesabiwe, nikaiacha. Hawakuihitaji siku ile, na ningeieleza mpaka magharibi. Sheria nilizoweka zilikuwa tatu: mguu hapana, mgongo wa gongo hapana, na kuinua gongo juu ya goti hapana. Mpira usukumwe, usipigwe. Kusukuma kunatosha kufunga, na mpira wa hoki ni mgumu, gramu mia moja na sitini hivi za plastiki. Ukimpata mtu kwenye ugoko anakuita kwa jina la mama yako. Kinga hatukuwa nazo. Tulikunja magazeti tukayatia ndani ya soksi. Mwanzoni nilitumia mpira wa tenisi kwa usalama, lakini kwenye mchanga wa maji ulikunywa maji mpaka ukawa mzito kama andazi la jana.

Sheria ya tatu niliivunja mimi. Nilipewa pasi winga ya kulia, mahali pangu pa zamani, beki ni mwalimu mwenzangu, na miaka kumi na tano ikaniruka kichwani. Nikainua gongo, nikapiga. Mpira ukalipita kasha la soda kwa mbali, ukapita juu ya kamba ya nanga, ukaingia baharini.

Kimya. Kisha mama wa mahamri, kwa sauti ya refa: "Goti, mwalimu. Goti."

Mpira wa hoki unaelea, hilo nililijifunza siku ile. Uliinuka na kushuka kwenye maji yale ya kahawia kama yai, na watoto waliokuwa wakitutazama wakaingia wanne kwa pamoja. Aliyeupata alidai shilingi ishirini, na haki yake.

Tuliacha jua likiwa karibu kuzama. Sijui matokeo, kila upande ulikuwa na hesabu yake. Fundi aliomba aende na gongo nyumbani, lile la mforosadi, nikamwachia. Nilikuwa nakusanya mengine guniani na kuwatangazia, "Jumamosi ijayo hapa hapa, saa kumi," mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kando ya mashua tangu tulipoanza akacheka peke yake.

"Mwezi ngapi leo?" akaniuliza.

Nikamtajia tarehe ya Desemba.

"La. Mwezi wa mbinguni."

Sikujua. Akanijibia mwenyewe: mwezi nane, maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, ndiyo maana yamekupwa jioni. Jumamosi ijayo ni kumi na tano. Bamvua, maji makubwa. Saa kumi jioni maji yatakuwa yamefika hapa alipokalia yeye, na kutoka yatakuwa yametoka saa nne asubuhi. Na Jumamosi itakayofuata yatarudi jioni. "Wewe ni mwenyeji wa wapi, mwalimu?"

Malindi, nikasema, kwa sauti ndogo.

Usiku ule nikawatumia ujumbe wote tisa kwamba zamu itakuwa wiki moja asubuhi, wiki moja jioni, tukianza Jumamosi ile saa tatu asubuhi. Wa kwanza kujibu alikuwa mama wa mahamri. Saa tatu mahamri yake yanakuwa hayajaisha, akaandika. Atakuja nayo, na nijue mapema kwamba hakopeshi.