Kuzunguka Iceland kwa gari siku kumi, na wifi yangu anataka kila kitu

Meza yetu ya kulia haijaliwa chakula wiki ya tatu sasa. Imetandazwa ramani ya Iceland, ile kubwa ya karatasi, na juu ya barafu la Vatnajökull kuna duara la kikombe cha chai ambalo mume wangu anakataa katakata kwamba ni la kwake. Tunaenda Septemba, watu watatu, mimi, yeye na wifi yangu, tunakodi gari tunazunguka kisiwa kizima kwa Barabara Namba 1, wenyewe wanaiita Hringvegur, yaani barabara ya duara.

Ugomvi wa kwanza ulianzia kwenye kilomita. Duara lote ni kama kilomita 1,322 hivi. Wifi aliposikia akacheka kabisa, "Wifi, kilomita elfu na mia tatu ndo siku kumi? Hizo mbili tu tumemaliza, nane tunalala." Na ukiangalia namba peke yake hajakosea. Shida ni kwamba mwendo wa juu kabisa kwenye lami ni 90 kwa saa, kwenye changarawe 80, ukiingia mjini 50, na faini zao si za kuchekea. Halafu unaendesha kulia, sisi tuliojifunzia kushoto lazima siku ya kwanza mtu akae pembeni anakukumbusha kila raundiabauti. Halafu kuna madaraja ya gari moja, kibao kinaandikwa Einbreið brú, aliyefika karibu zaidi ndo anapita kwanza mwingine anasubiri, na kuna vilima vimeandikwa Blindhæð ambapo huoni anayekuja mpaka mkutane kileleni. Na kondoo. Kiangazi kizima wako huru, mama upande mmoja wa barabara mtoto upande wa pili, ukiona hivyo punguza mwendo maana mtoto atakimbilia kwa mama yake wakati huohuo unapita wewe.

Kwahiyo nikaacha kuhesabu kilomita nikaanza kuhesabu masaa, na kila kipande nikaongeza masaa mawili ya kusimama simama, maana maporomoko kama Seljalandsfoss unayaona ukiwa barabarani kabisa, nani atapita tu? Skógafoss mita 60 za maji zinaanguka hapo, unasema tutarudi? Haturudi, ni duara.

Upepo sasa. Hili ndo lilinifanya niache utani. Utabiri wa hali ya hewa wa kule (vedur.is, uweke kwenye simu kabla hujapanda ndege) unaandika upepo kwa mita kwa sekunde, na mtu ukiona 20 unaona ndogo, kumbe zidisha kwa 3.6 unapata kilomita 72 kwa saa, na hapo dhoruba ya ghafla bado hujaihesabu. Upepo wa hivyo unang'oa mlango wa gari. Unafungua kidogo tu ushuke upige picha, upepo unaudaka unaukunja kwa mbele, na bima nyingi za magari ya kukodi hazigusi mlango uliong'olewa na upepo, unalipa mwenyewe. Kusini pale kwenye majangwa ya mchanga mweusi upepo huohuo unabeba mchanga na majivu unakwangua rangi ya gari zima, na kuna bima ya peke yake ya mchanga na majivu, nilidhani wananitania mpaka nikasoma sababu. Basi Jumamosi nikamkuta mume wangu nje anafanya mazoezi, anapaki gari pua ikiangalia upepo, anashika mlango kwa mikono miwili, anashuka taratibu kama anabeba mtoto aliyelala, anapanda, anarudia tena. Upepo wenyewe haukuwepo hata wa kutikisa jani. Jirani alisimama anaangalia, hakuuliza kitu.

Mwezi nao tulivutana. Wifi anataka barabara za milimani katikati ya kisiwa, zile zinazoanza na herufi F, za kwenda sehemu kama Landmannalaugar na Askja, na wakati huohuo anataka kuona zile taa za kijani za angani usiku. Hivyo viwili havipendani. Barabara za F nyingi zinafunguliwa kuanzia Juni mwishoni au Julai kutegemea theluji, na Juni usiku hakuna giza kabisa, taa utaziona wapi. Septemba katikati kuna mwanga kama masaa 13, usiku unakuwa usiku, taa unaweza kubahatika, lakini milimani theluji inaweza kuanza wakati wowote wakafunga. Tena F ni kwa gari la fowili tu kisheria, na huko hakuna madaraja kwenye mito mingi, unavuka ndani ya maji, na maji yakiingia kwenye injini hiyo ni yako, bima haipo. Mimi nimekata F zote. Wifi kanuna siku mbili. Tumechukua fowili ndogo hivyohivyo, si kwa ajili ya mito, ni kwa ajili ya amani ya roho kwenye changarawe. Na kitu kingine, kutoka nje ya barabara na gari, hata mita chache kwenye majani, ni kosa la jinai kule, ule ukoka laini unaoota juu ya mawe ukishakanyagwa na tairi alama inakaa miaka na miaka.

Njia yenyewe tunaenda kinyume na saa, kusini kwanza. Reykjavík mpaka Vík ni kama kilomita 187, Vík mpaka Höfn 270 hivi na katikati kuna Jökulsárlón, ziwa la mabonge ya barafu yanayoelea kwenda baharini, mengine yanatupwa ufukweni kwenye mchanga mweusi. Hapo nimetoa nusu siku nzima na sipokei maoni. Kutoka Höfn unapinda pinda na fjord za mashariki (ghuba nyembamba za bahari zilizoingia kati ya milima) mpaka mji wa Egilsstaðir, hapo unajaza tanki, usiniambie lipo nusu, jaza, maana mbele ni jangwa la mawe mpaka karibu na ziwa Mývatn. Vituo vingi vya mafuta havina mtu, mashine inataka kadi yenye namba ya siri, kadi isiyo na namba utabaki unaiangalia. Maporomoko ya Dettifoss tunakwenda kwa barabara 862 ya upande wa magharibi kwa sababu ina lami, ile 864 ya mashariki ni changarawe. Akureyri tunalala mbili (taa nyekundu za barabarani kule zina umbo la moyo, wifi ameshasamehe mambo ya F kwa sababu ya hizo taa). Ukiingia Akureyri ukitokea mashariki kuna handaki la Vaðlaheiði la kulipia, hakuna kibanda wala geti, kamera inasoma namba na unalipia kwenye intaneti, ukisahau kampuni ya gari inakukata pamoja na ya kwao juu. Fjord za magharibi tumeziacha. Inauma lakini zile zinataka wiki yao peke yao.

Ufukwe wa Reynisfjara karibu na Vík nimeandika kwa wino mwekundu kwenye ramani. Mawimbi ya pale yanakuja madogo madogo unazoea, halafu moja linapanda mpaka ulipoacha begi na linarudi na mtu. Wamekufa watu pale. Kuna taa za tahadhari kabisa, ikiwa nyekundu hushuki, na hata ikiwa ya njano hugeuzi mgongo baharini kwa ajili ya picha. Hili nimemwambia wifi mara nne.

Kulala tunachanganya, nyumba za wageni na hema siku tatu. Ile habari ya kupaki gari popote ukalala ndani hairuhusiwi, ni kambi tu. Chakula tutanunua supamaketi, Bónus ile yenye nguruwe wa pinki, mgahawani ni mara moja moja, kule bei ya sahani moja inakufanya usome menyu mara mbili. Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, euro 90 mtu mzima, na bima ya safari ya angalau euro 30,000, unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, usingoje wiki mbili za mwisho.

Imebaki siku ya nane, na hapo ndo tumekwama. Kwenye jedwali langu siku ya nane haina kitu. Wifi anaona ni uvivu. Sasa mimi nilisoma historia ya hiyo barabara nikashtuka: duara lilikamilika 1974 tu, walipomaliza madaraja ya Skeiðarársandur, uwanda wa mchanga na mito kule kusini, kabla ya hapo mtu wa Höfn akitaka kwenda Reykjavík kwa gari alizunguka kaskazini kote. Na 1996 volkano ikalipuka chini ya barafu la Vatnajökull, maji yakakaa kwanza kama mwezi, Novemba yakashuka yote na mabonge ya barafu makubwa kama nyumba, yakabeba sehemu ya barabara na madaraja. Vyuma vilivyopindika wameviacha pale pembeni, tutavipita siku ya tatu. 2011 tena Julai, mto Múlakvísl ukaondoka na daraja, msimu wa watalii katikati, wakajenga la muda ndani ya wiki moja. Wenyewe wanaishi hivyo, asubuhi unafungua umferdin.is unaona barabara ipi imefungwa, kisha ndo unafunga begi. Ratiba isiyo na siku tupu kule ukikwama siku moja Höfn kwa upepo, ndege imekuacha.

Nimemwelezea yote haya jana kwenye simu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema "sawa wifi nimekuelewa." Saa tano usiku kwenye grupu ikaingia linki ya boti ya kuangalia nyangumi Húsavík, mji wa kaskazini. Siku ya nane, saa nne asubuhi, nafasi tatu.