Daftari la boza

Kazi yangu mgodini ilikuwa kumwaga maji. Wenzangu walichimba makaa, wakapakia, wakaendesha madampa. Mimi nilikuwa na boza la lita 18,000 na barabara ya vumbi ya kilometa 4, kutoka shimoni hadi yadi ambako malori yanapakia. Huku Ruvuma kiangazi kikishika, mvua unaisubiri mpaka Novemba au Desemba. Boza lisipopita, dereva wa dampa la tatu hamuoni aliye mbele yake, na jioni ukipenga kamasi inatoka nyeusi kama masizi ya chungu.

Daftari sikulianzisha kwa ajili ya harakati zozote. Nilishawahi kushukiwa kuuza lita 40 za dizeli, ikabidi nijilinde: nikawa naandika kila safari, saa niliyoondoka, mafuta, na mahali nilipomwaga maji.

Agosti moja nilikuwa napanga hesabu zangu nikaona kitu. Siku za kawaida nilikuwa na safari 2, pengine 1, na mara nyingi boza lenyewe lilikuwa limepelekwa kwenye ujenzi wa nyumba za mameneja. Ila Alhamisi moja nilikwenda safari 11. Hiyo ndiyo siku waliyokuja wakaguzi. Habari ya ujio wao tulikuwa nayo tangu Jumatatu. Tulishagawiwa barakoa mpya na kuambiwa tuzivae. Walikuta barabara mbichi, wakaandika barabara mbichi. Siwalaumu sana, mkaguzi huandika alichokikuta.

Kilichonichoma ni mzee mmoja wa dampa, mtu aliyenifundisha kushuka mteremko na tangi lililojaa. Alikohoa mwaka mzima. Mkataba wake wa miezi 3 ulipoisha, mkandarasi hakumpa mwingine, na akaondoka bila kupimwa. Wakati huo sikujua kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, kifungu cha 24, inataka mfanyakazi apimwe afya. Hata yeye hakujua. Alichukua begi lake akapanda basi la Songea.

Chama cha wafanyakazi kilikuwepo, lakini kwa jina. Wanachama hatukuzidi 30 katika watu 140, na wengi walisema kazi yake ni kukata asilimia 2 ya mshahara tu. Kusema kweli hawakukosea. Katibu wetu wa eneo tulimwona mara 2 kwa mwaka, na mojawapo ilikuwa Mei Mosi, na fulana. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina mlango mmoja mzuri: chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi, mwajiri anatakiwa kukitambua na kukaa nacho mezani, na akipewa notisi ana siku 30. Kwa hiyo tuliacha kumlalamikia katibu tukaanza kutafuta saini. Fomu za TUF 6, zile za kukubali kukatwa ada ya chama, zilijazwa usiku, kwenye banda la mama ntilie, taa ya simu ikishikwa na mwingine. Wenye mikataba mifupi waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Mmoja wao alisaini ilipobaki saini moja tu kufikisha 71, zaidi ya nusu yetu.

Diwani naye akatuita. "Wanangu, mwekezaji akiondoka, ushuru wa huduma mtalipa ninyi?" Ushuru huo wakati ule ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo, ukiingia halmashauri, na zahanati ya kijiji ilipauliwa kwa fedha hizo. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Nilimjibu kwamba zahanati hiyo hiyo ndiyo inayotugawia dawa ya kikohozi.

Kwenye semina ya chama mwezeshaji alitusimulia habari za West Virginia, Marekani: Februari 1969 wachimbaji zaidi ya 40,000 waligoma bila baraka za viongozi wa chama chao wenyewe, wakidai fidia ya ugonjwa wa mapafu, na kabla mwaka haujaisha sheria ya nchi ikaweka kikomo cha vumbi migodini. Vijana walichangamka sana. Mimi niliwaza mikataba yetu ya miezi 3: ukigoma Jumatatu, Ijumaa umeshasahaulika. Sisi tulihitaji karatasi.

Tukapeleka notisi, na siku ya 27 tukaitwa mezani. Meneja akaweka mbele yetu ripoti ya wakaguzi: barabara salama, vumbi limedhibitiwa. Nikafungua daftari kwenye tarehe ile, kisha nikafungua siku 10 kabla na siku 10 baada. Akapekua, akauliza, "Nani alikutuma kuandika haya?"

"Ni ninyi, bosi, mliponidai dizeli."

Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, ulichukua miezi 4 mingine, na sehemu kubwa ilikuwa kubishana juu ya posho. Maji yalipata kipengele kifupi: kiangazi, boza lisipungue safari 6 kwa zamu, na daftari lisainiwe na msimamizi pamoja na mwakilishi wa usalama wa wafanyakazi. Dereva asiyeona mbele ana haki ya kusimama bila kukatwa mshahara. Mikataba ya miezi 3 haikuguswa. Mwanasheria wa kampuni alikataa hata kuisoma hoja yetu. Mzee wa dampa tulimtafuta, akapimwa, na madai yake yamepelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Bado anasubiri.

Miezi 2 baadaye nilihamishiwa mizani, bila maelezo. Kijana aliyepewa boza alinifuata wiki ya kwanza na daftari jipya, anauliza safu ya "mahali" inajazwaje. Nikamwonyesha, nikamnyang'anya penseli, nikampa kalamu ya wino.