Kelele za 22R: wiki tano nikimulika upande usio wenyewe

Hilux yangu imenyamaza. Jana saa kumi na moja jioni nimepiga stata, ikashika, na ile krrr haipo. Nikaizima nikijua nimesikia vibaya. Nikawasha tena. Nikageuza ndoo, nikakaa mbele ya boneti robo saa nzima nasikiliza injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila resi, mafuta yanaungua bure na wala sijali.

Kwa wageni: ni Toyota Hilux ya 1986, injini yake 22R ya kabureta, cc 2,366. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anabebea dagaa kutoka Kibirizi, hapa Kigoma, na hadi leo mvua ikinyesha bodi inakumbuka kazi yake ya zamani.

Mlio ulianza kwa adabu. Asubuhi ukiwasha, krrr ya sekunde mbili, oili ikipanda unakatika. Nikauzoea. Sekunde mbili zikawa kumi, kisha siku moja haukukatika kabisa. Ikiwa sailensa, ni kokwa za chikichi zinazotikiswa ndani ya debe. Ukipiga resi kidogo unajificha, ukiachia unarudi. Kupanda Lumumba kutoka stesheni kwenda Mwanga ilikuwa aibu, maana kuta za maduka zilinirudishia kelele zangu mwenyewe na bodaboda waligeuka kuangalia kinachokuja.

Washukiwa wepesi nimewamaliza mapema. Bati la egzosi: limefungwa waya, krrr ipo. Mikanda yote nimetoa na kuwasha dakika moja hivi: ipo, kwa hiyo si altaneta wala pampu ya maji. Tapeti nimepanga injini ikiwa moto, milimita 0.20 valvu za kuingiza na 0.30 za kutolea. Juu kulitulia kidogo, ila ile sauti yenyewe haikuguswa. Nikachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine. Injini iliyumba kila mara, mlio ukabaki vilevile. Ingekuwa konrodi, ule mkono wa pistoni, kuiondolea silinda yake nguvu kungebadilisha mlio. Nasema hivi kwa sababu fundi mmoja alishaniambia, "Mwalimu, hiyo konrodi hiyo, tushushe injini," na akataja bei kabla sijafungua boneti.

Niongee kidogo kuhusu bisibisi. Kuna kifaa cha kusikilizia injini kama cha daktari, nilinunua, na sikipendi. Kinakuza kila kitu, hata maji ya redieta unayasikia, unatoka hapo umechanganyikiwa zaidi. Bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, inakuambia jambo moja tu: hapa kuna fujo au hapana. Kwenye bloku, kimya. Kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kimya. Kwenye kava la taimingi, mbele, ilinigonga hadi kwenye meno.

Kwa hiyo cheni ya taimingi, ile inayotoka kwenye krenki kwenda kuzungusha kemu inayofungua valvu. Wenye 22R mmeshacheka, najua. Hata mimi nilijua. Injini hizi, zile za safu moja ya cheni, zina vibao viwili vya plastiki vinavyoiongoza, na ugonjwa wake unajulikana: kibao kinakauka, kinapasuka, cheni inabaki kupiga ukuta wa kava. Na kitabu changu, cha Wamarekani, kinasema wazi kwamba kinachovunjika ni kile cha upande wa dereva.

Nikafungua kava la tapeti. Nikasimama upande wa dereva, nikainama, nikamulika kwa tochi pembeni ya gia ya kemu. Kibao kile pale, kimepinda vizuri, kizima, hata ufa hakina. Nikafunga. Nikaandika kwenye daftari: CHENI SAFI. Kwa herufi kubwa.

Wiki tano zimezaliwa na maneno hayo mawili. Nikabadilisha mauntini za injini. Nikakaza flaiwili, kazi ya kulala chali siku nzima. Nikamwaga oili nzuri nikaweka nzito zaidi, nikajisifia siku mbili. Nikafungua kava la tapeti mara ya pili, nikamulika palepale, nikaona kilekile.

Usiku wa Jumanne namtazama jamaa mmoja kwenye video, Mmarekani, anafungua 22R yake. Anaonyesha kwa kidole: huu, upande wa dereva. Akasogea pembeni kuchukua spana, na nyuma ya kioo nikauona usukani wake. Uko kushoto.

Nikaweka simu chini.

Kwao dereva anakaa kushoto. Upande wao wa dereva ndio upande wetu wa abiria. Wiki tano nzima nimemulika kile kibao kilichopinda, cha upande wa tensheni, kikaza cheni, ambacho hata hakituhumiwi. Nilitoka na tochi saa nne usiku, mama watoto akauliza kama kuna mwizi. Nikafungua kava mara ya tatu, nikazunguka kwa abiria, nikainama. Hakuna kibao. Kuna bolti mbili zimeshika hewa, na cheni inang'aa imekaa peke yake.

Kushusha mbele sitaeleza hatua kwa hatua, mnajua. Bolti ya puli ya krenki, namba 19, watu wanailegeza kwa kubana bomba kwenye chesisi na kugusa stata. Inafanya kazi, nimeona, na nimeona pia bomba likiondoka na taa. Mimi niliweka gia ya tano, kijana akakanyaga breki, nikaning'inia kwenye bomba la mita moja. Ililia kama mlango wa kanisa, ikaachia.

Lakini ile bolti ya mwisho! Bolti zote za kava la taimingi zimetoka, kava halitoki. Nikagonga kwa nyundo ya mpira. Halitoki. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua bapa la kubanjulia nilipokumbuka: kuna moja inayoingia kutoka juu, kwenye hedi, mbele ya gia ya kemu, imezama kwenye kidimbwi cha oili kama kambale kwenye tope. Huioni, unaipapasa. Ningebanjua, leo ningekuwa natafuta kava jingine. Nikanyonya oili kwa bomba la sindano, ikajitokeza na kichwa chake safi kabisa.

Ndani: cheni imechimba mifereji miwili kwenye ukuta wa kava. Ukucha unakwama. Nyuma ya ukuta huo kuna maji, na 22R nyingi zimekufa kwa njia hiyo, cheni inatoboa, maji yanaingia kwenye oili, stiki ya kupimia oili inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Langu halijatoboka. Nimelirudisha, na kila asubuhi nitaangalia stiki kabla sijanawa uso.

Vipande nilivipanga juu ya gunia, kibao kikaanza kurudi umbo lake. Kikakosekana kipande cha katikati, kikubwa kama punje ya karanga. Ningeweza kusema basi. Nikashusha sampu. Kilikuwa kimebana kwenye chujio la pampu ya oili pamoja na vidogo vingine vitano, na kama theluthi ya chujio ilikuwa imezibwa. Wanaobadilisha cheni bila kushusha sampu sijui wanalalaje.

Vibao vipya nimeagiza Dar, vya mgongo wa chuma, vikaja na basi. Dukani hapa Mwanga kulikuwa na vya plastiki tupu kwa bei nusu. Nimeshalipa hiyo nusu nyingine kwa wiki tano.

Mpango ulikuwa kwamba baada ya cheni naingia kwenye kabureta, kisha sili za valvu. Hautafuatwa. Kile kisahani chembamba cha shaba kilichomo ndani ya midoli inayoimba, ukikibana kwenye chuma kinageuka kuwa sikio. Vinne vyake, vibanio vinne, waya hadi ndani ya kebini, unaendesha huku unasikiliza difu, geaboksi na beringi za tairi kwa zamu. Kimoja tayari ninacho. Mwenye mdoli yuko shuleni mpaka saa tisa.